Mnyama Asiye na Fungu

Konyeza wa Ziwa Tanganyika ni mdogo: upana wake ni sentimita mbili hivi. Mwili wake unapitisha nuru, kwa hiyo katika maji maangavu ya ziwa lile jicho huona kwanza duara la mdomo, kisha ukingo wenye minyiri mingi myembamba, na mwisho kabisa ule mwavuli wenyewe ukijikunja na kujikunjua. Hamwashi mwogeleaji. Hula vijidudu vinavyoelea majini, hupanda na kushuka kufuata saa za mchana na usiku, na yako majira ambapo hutokea kwa makundi makubwa. Jina lake la kitaalamu ni Limnocnida tanganyicae. Watu wa pwani, wanaowajua konyeza wa baharini (wengine huwaita yavuyavu), wana haki ya kushangaa kumkuta pale. Kigoma iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, na uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari.

Nani basi ndugu zake? Mtaalamu anapomweka mnyama katika oda fulani na familia fulani, hapangi rafu tu za makumbusho. Anatoa dai la kihistoria: kwamba mnyama huyu na wale wametoka kwa mzee mmoja, wakaachana baadaye. Dai hilo linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa si kweli, na ushahidi wake umo mwilini mwa mnyama. Kwa konyeza wa Tanganyika, dai hilo lilibeba mzigo usio wa kawaida. Kwa miaka kadhaa, historia ya ziwa zima iliwekwa juu ya mgongo wa kiumbe ambaye karibu mwili wake wote ni maji.

Wavuvi wa mwambao bila shaka walimwona vizazi na vizazi. Katika maandishi ya sayansi anaingia mwaka 1883, kwa mkono wa Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama kutoka Berlin. Böhm alifika Afrika Mashariki mwaka 1880 pamoja na Paul Reichard na Emil Kaiser, wakakaa kwanza katika nchi ya Unyamwezi, kusini mwa Tabora, kisha wakaelekea ziwani. Alikuwa mpenzi wa ndege hasa. Yupo ndege mla nyuki anayebeba jina lake hadi leo, Merops boehmi. Lakini ziwani aliona medusa, yaani konyeza, akatambua mara moja uzito wa alichokiona, na taarifa yake ikachapishwa Berlin mwaka huohuo. Hakupata nafasi ya kumchunguza zaidi. Alivuka ziwa akaendelea hadi Katanga, na huko akafariki kwa homa mwezi Machi 1884, kabla hajatimiza miaka thelathini.

Ili kuelewa kwa nini taarifa fupi ya Böhm iliwasisimua watu wa Ulaya, inabidi kurudi nyuma miaka mitatu, kwenye bustani ya Regent's Park jijini London. Royal Botanic Society walikuwa na tangi la maji ya uvuguvugu lililopandwa yungiyungi wakubwa wa Amazon. Mwezi Juni 1880, William Sowerby, katibu wa chama hicho, aliona ndani ya tangi lile konyeza wadogo wakiogelea. Konyeza wa maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi, lilikuwa jambo la ajabu kwa wataalamu wa wakati ule, maana kundi zima lilihesabiwa kuwa la bahari. Kabla mwezi haujaisha, wanazuoni wawili mashuhuri walikuwa wamekwisha kumpa majina mawili katika jarida la Nature. Ray Lankester alimwita Craspedacusta sowerbii. George Allman alimwita Limnocodium victoria.

Ugomvi wa majina ulikuja kumalizwa na kanuni ya kwamba aliyetangulia ndiye mwenye haki, na jina la Lankester ndilo lililobaki. Ugomvi wa pili ulikuwa mzito zaidi. Allman alisema mnyama yule ni wa Leptomedusae. Lankester alisema ni wa Trachymedusae. Walikuwa wakitazama wanyama walewale, kutoka tangi lilelile, kwa hadubini za ubora uleule.

Hapo ndipo panapohitaji subira kidogo, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinategemea jinsi medusa walivyokuwa wakipangwa. Mwaka 1879 Ernst Haeckel wa Jena alikuwa ametoa kazi yake kubwa juu ya medusa, akawagawa wale wadogo wa kundi la Hydrozoa katika oda nne. Alama zilizotumika zilikuwa chache na zilionekana kuwa wazi. Kwanza, viungo vya uzazi vimekaa wapi: kwenye shina la mdomo na tumbo, au kwenye ile mifereji inayotoka tumboni kwenda ukingoni? Pili, ukingoni mwa mwavuli kuna viungo vya msawazo, vile vifuko vidogo vinavyomjulisha mnyama upande wa juu na wa chini? Na kama vipo, kiini chake kimetokana na tabaka la nje la mwili au la ndani? Anthomedusae walikuwa na viungo vya uzazi kwenye shina la mdomo, na vifuko vya msawazo hawakuwa navyo. Leptomedusae walikuwa na viungo vya uzazi kwenye mifereji, na vifuko vilivyotokana na tabaka la nje. Trachymedusae walibeba viungo vya uzazi kwenye mifereji, lakini vifuko vyao vilikuwa na kiini cha tabaka la ndani. Narcomedusae walikuwa na viungo vya uzazi kwenye ukuta wa tumbo, na mifereji yao haikufanana na ya wengine.

Nyuma ya alama hizo kulikuwa na alama nyingine, na mimi naiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Anthomedusae na Leptomedusae huanza maisha yao kama polipu: viumbe waliojishikiza chini, wanaochipua, na medusa huchomoza kutoka kwao. Trachymedusae na Narcomedusae, kwa ilivyoaminika, hawana polipu wa namna hiyo. Yai huwa lava, lava akawa medusa, basi. Kumwita mnyama wa Regent's Park jina la oda moja au nyingine kulikuwa pia kutabiri namna anavyozaliwa. Na mnamo 1884 Alfred Gibbs Bourne akawapata, ndani ya tangi lilelile, polipu wadogo sana wasio na minyiri. Vifuko vya msawazo vilimvuta mnyama upande wa Lankester. Polipu walimvuta upande wa Allman.

Marekani ilikuwa na nusu yake ya kisa hicho, ila hakuna aliyejua kwamba ni nusu. Mwaka 1885 Edward Potts wa Philadelphia alikuta katika kijito cha maji kiumbe kidogo kisicho na minyiri, akakipa jina Microhydra ryderi na kukihesabu kuwa mnyama kamili mwenye nafasi yake. Baadaye aliona kikitoa medusa wachanga. Ilichukua hadi miaka ya 1920 wataalamu kukubaliana kwamba Microhydra wa Potts na Craspedacusta wa Sowerby ni mnyama mmoja katika vipindi viwili vya maisha. Kwa karibu miaka arobaini mtoto na mzazi walikuwa na majina tofauti.

Nimekaa sana London kwa makusudi. Konyeza wa Tanganyika aliingia katika mjadala uliokuwa umekwisha kuwaka, na akaukoleza.

Vielelezo vyake vilimfikia Robert Günther wa Oxford, mtoto wa Albert Günther aliyekuwa msimamizi wa wanyama katika makumbusho ya London. Kijana huyu, ambaye baadaye alikuja kuanzisha makumbusho ya historia ya sayansi ya Oxford, alichapisha uchunguzi wake mwaka 1893 na kuuendeleza mwaka uliofuata. Ndiye aliyeunda jenasi Limnocnida. Alichokiona kilivuruga kila kigezo cha Haeckel. Mnyama ana mifereji minne kama medusa wa kawaida, lakini shina la mdomo hana karibu kabisa: mdomo wake ni mpana mno, unafika theluthi mbili za kipenyo cha mwavuli. Ukingoni ana vifuko vya msawazo vinavyofanana na vya Trachymedusae. Viungo vyake vya uzazi, hata hivyo, haviko kwenye mifereji kama vya Trachymedusae wala kama vya mwenzake wa Regent's Park. Viko kuzunguka mdomo. Ukifuata vifuko unampeleka kwa Trachymedusae, ukifuata viungo vya uzazi unampeleka kwa Anthomedusae au Narcomedusae, na ukiifuata mifereji yake hao Narcomedusae nao wanamkataa.

Tena kulikuwa na machipukizi. Katika ukingo wa mdomo wa medusa mkubwa, Günther alikuta medusa wadogo wakichipua, wakiwa katika hatua mbalimbali za kukua. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba mambo hayo yana majira: mnamo Mei na Juni mdomo huzaa machipukizi, na mnamo Agosti na Septemba, mahali palepale, hutokea viungo vya uzazi. Medusa mmoja anaweza basi kujaza maji kwa medusa wenziwe bila yai wala mbegu. Hilo lilileta wazo la kuvutia: huenda mnyama huyu hana polipu kabisa, wala hamhitaji. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyempata polipu wake, na kila mwaka uliopita bila kumpata ulilipa wazo hilo nguvu.

Sasa tufike kwa John Edmund Sharrock Moore. Msomaji wa biolojia ameguswa na kazi yake bila kujua, kwa sababu yeye na John Farmer ndio walioipa jina meiosisi mwaka 1905. Kabla ya hapo alikwenda Tanganyika mara mbili katika miaka ya 1890, safari ya pili ikiishia mwaka 1900. Alikwenda kwa sababu ya konyeza, na kwa sababu ya konokono. Msafiri Speke, alipofika ziwani pamoja na mwenzake Burton mwaka 1858, alikuwa ameokota makombe ufukweni, na Samuel Woodward alipoyaeleza London mwaka 1859 ilionekana kwamba mengine yanafanana sana na makombe ya bahari. Moore alikusanya zaidi, akachambua miili laini ya konokono wenyewe, akayalinganisha makombe yao na visukuku vya kipindi cha Jurasi. Katika kitabu chake cha mwaka 1903, The Tanganyika Problem, alitoa jibu: Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyowahi kufunika eneo la Kongo, na viumbe wake wa pekee ni wakazi wa bahari ile waliobaki baada ya maji kupungua na kupoteza chumvi. Konyeza alikuwa shahidi wake bora. Nani mwingine awezaye kuwa mabaki ya bahari kama si konyeza?

Uainishaji hapo haukuwa tena shughuli ya maabara. Kama Limnocnida ni medusa wa kale wa bahari, asiye na ndugu wa karibu popote pengine barani, basi nadharia ya Moore inasimama. Kama ni ndugu wa karibu wa yule wa Regent's Park, au kama anaishi pia katika maji mengine ya Afrika, nadharia inalegea. Na ililegea upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20 konyeza wa jenasi hiyohiyo alitangazwa kutoka Ziwa Victoria, ziwa lisilo na konokono wale wa Moore, na kutoka Mto Niger, upande wa pili wa bara. Kisha William Cunnington akaongoza msafara wa tatu ziwani mwaka 1904 na 1905, na kutokana na makusanyo yake akahitimisha kwamba viumbe wa Tanganyika wamekuwa wa pekee kwa sababu ya kutengwa humo muda mrefu sana. Leo umri wa ziwa unakadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Kipindi cha Jurasi kilikwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita. Pengo hilo halizibiki.

Hata hivyo namheshimu Moore, na sipendi jinsi anavyotajwa haraka-haraka katika vitabu kama mtu aliyekosea tu. Aliona kwamba ziwa lile linadai maelezo. Aliona pia kwamba mnyama mdogo, akisomwa vizuri, anaweza kushuhudia mambo yaliyotokea kabla ya milima ya sasa. Kosa lilikuwa katika kumsoma nusu.

Nusu iliyobaki ilikuwa chini, imeshikamana na mawe na mimea. Mwaka 1938, Paul Kramp, Mdenmark aliyetumia maisha yake yote kwa medusa, alipendekeza oda mpya: Limnomedusae. Hoja yake ilikuwa kwamba Craspedacusta na jamaa zake wa familia ya Olindiidae wana polipu wadogo, na mnyama mwenye polipu hawezi kuingizwa miongoni mwa Trachymedusae kwa sababu ya vifuko vya msawazo peke yake; wala hawezi kuingizwa kwa Leptomedusae kwa sababu ya polipu peke yao. Alihitaji chumba chake mwenyewe. Limnocnida akakaribishwa humo ingawa polipu wake alikuwa bado hajaonekana.

Alikuja kuonekana katika miaka ya 1950. Mbelgiji Jean Bouillon, aliyekuwa akifanya kazi upande wa Kongo, alifuatilia mzunguko wa maisha wa Limnocnida na kutoa mwaka 1957 taarifa ndefu juu ya jenasi nzima. Polipu yupo. Ni mdogo mno na maumbile yake ni sahili, wa namna ileile ya wale waliopatikana katika tangi la London. Mnyama aliyedhaniwa kuishi maisha yake yote akiogelea alikuwa na maisha ya chini ambayo hakuna jicho lililoyaona kwa miaka sabini tangu Böhm. Uamuzi wa Kramp ulipata uthibitisho wake, na machipukizi ya mdomoni yakaeleweka kwa namna nyingine: hayachukui nafasi ya polipu, yanaongeza idadi pale ambapo polipu wamekwisha kuanzisha kundi.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini oda ya Kramp ilikuwa imewakusanya pia wanyama wengine waliokosa kwao, na kadiri walivyochunguzwa, baadhi yao walihama. Moerisia, aliyeelezwa kutoka ziwa la Qarun nchini Misri, alitolewa. Proboscidactyla, mwenye polipu wa minyiri miwili anayeishi kwenye mirija ya minyoo ya bahari, naye alitolewa; wote wawili sasa huwekwa upande wa Anthomedusae. Oda ikabaki na wale wa Olindiidae hasa, wengi wao wa bahari, wachache wa maji baridi.

Vipimo vya DNA vilipoanza, swali la zamani lilipata jibu ambalo Allman na Lankester wangeweza kulipokea wote. Allen Collins na wenzake, katika kazi waliyoitoa mwaka 2008, walionyesha kwamba Limnomedusae ni sehemu ya tawi kubwa liitwalo Trachylina, pamoja na Trachymedusae na Narcomedusae. Lankester basi alikuwa sahihi kuamini vifuko vya msawazo: kiini kile cha tabaka la ndani ni urithi wa kweli wa ukoo. Lakini polipu nao ni wa kweli, na kukosa polipu si sharti la kuwa katika tawi hilo. Kilichovunjika ni ile imani kwamba namna ya kuzaliwa inaweza kutenganisha matawi makubwa kwa mstari mnyoofu. Na mahali pa viungo vya uzazi, alama iliyoonekana kuwa ngumu kuliko zote katika karne ya 19, pamekuwa rahisi kuhama: ndugu wawili wa maji baridi, Craspedacusta na Limnocnida, mmoja amevibeba kwenye mifereji na mwingine mdomoni, na bado wako pamoja.

DNA hiyohiyo ilileta mashaka mapya. Familia ya Geryoniidae, medusa wa bahari kuu waliohesabiwa siku zote kuwa Trachymedusae, ilionekana kuwa karibu na Limnomedusae kuliko na hao wenzao wa jina. Kwa hiyo chumba alichopewa konyeza wa Tanganyika hakina kuta imara. Huenda kikabomolewa na kujengwa tena.

Kuna tukio jingine la karibu ambalo kila mtu anayeshughulika na wanyama hawa anapaswa kulikumbuka. Katika Limnomedusae alikuwa akihesabiwa Microhydrula limopsicola, polipu mdogo sana anayeishi kwenye makombe ya chaza katika bahari ya Antaktika. Mwaka 2010 DNA yake ililinganishwa na ya Haliclystus antarcticus, konyeza mwenye kikonyo wa kundi tofauti kabisa la Staurozoa. Ni mnyama mmoja. Microhydrula hakuwa spishi, hakuwa jenasi, wala hakuwa wa Hydrozoa. Alikuwa hatua ya utotoni ya mnyama aliyejulikana tayari. Kisa cha Potts kilirudiwa upya zaidi ya karne moja baadaye, tena kikivuka mpaka mkubwa zaidi.

Hata nafasi ya Limnocnida katika ulaji wa ziwa haijapata fungu rahisi. Medusa ni mla nyama. Hilo lilidhaniwa kutohitaji mjadala. Lakini mwaka 2012 Kalevi Salonen na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wao Tanganyika wakionyesha kwamba miilini mwa medusa hao wanaishi bakteria wadogo sana wa kijani-buluu, wenye kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga. Tanganyika ni ziwa lenye kina cha mita 1,470, maji yake ya chini hayana oksijeni, na virutubisho vingi vimezama humo visirudi juu kwa urahisi. Mahali kama hapo, mnyama anayebeba wazalishaji wake mwenyewe huku akipanda na kushuka majini si mlaji tu. Wavuvi wanaowasha taa usiku wa giza kuwavuta dagaa wanavua katika maji ambamo konyeza hao ni sehemu ya hesabu, na hesabu hiyo haijakamilika.

Limebaki swali ambalo mimi naliona kuwa gumu kuliko la oda: konyeza hawa ni spishi ngapi? Wale wa Ziwa Victoria waliwahi kupewa jina lao, Limnocnida victoriae. Mwaka 1912 Charles Boulenger aliwaeleza wa bonde la Zambezi kama Limnocnida rhodesiae, na mwaka huohuo Nelson Annandale wa makumbusho ya Kolkata akawaeleza wa mito ya milima ya magharibi mwa India kama Limnocnida indica. Mwaka 1976 Henri Dumont akaongeza Limnocnida nepalensis kutoka Nepal. Tofauti zilizotajwa ni za idadi ya minyiri, ukubwa, umbo la vifuko, mambo yanayobadilika kwa umri wa medusa na kwa jinsi alivyohifadhiwa. Wataalamu wengine wameyaunganisha majina ya Kiafrika yote kuwa moja; wengine wanayatenga. Kwa maumbile peke yake sioni jinsi upande wowote unavyoweza kumshinda mwenzake.

Tanganyika penyewe pametoa mfano wa namna ya kulikabili swali hilo, kutoka kwa dagaa. Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon ni jamaa wa samaki wa bahari, na walikuwa fumbo sawa na konyeza. Mwaka 2008 DNA ilionyesha kwamba ndugu zao wa karibu wako katika mito ya Afrika Magharibi, na kwamba wazee wao waliingia huko kutoka baharini kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, muda mrefu kabla Tanganyika haijakuwapo. Moore alitafuta bahari katika ziwa. Bahari ilikuwapo, ila mbali, upande wa magharibi, na samaki walifika kwa kufuata maji baridi.

Konyeza wa Niger na konyeza wa Tanganyika wanaweza kuulizwa swali hilohilo. Kama wale wa Niger ndio ndugu wa karibu wa wale wa Tanganyika kuliko wa Victoria, njia ya dagaa itakuwa imepata msafiri wa pili. Kama wa Victoria, Zambezi na Tanganyika wanafanana kiasi cha kutotofautishwa, itakuwa wamesambaa juzi, pengine kwa polipu waliojishikiza kwenye mimea ya maji au miguuni mwa ndege. Kule Zambezi kuna jambo la kuzingatia: Limnothrissa walipelekwa katika bwawa la Kariba kutoka Tanganyika mwaka 1967 na 1968, na konyeza walikuja kuonekana humo kwa makundi. Lakini Boulenger alikuwa amewaeleza konyeza wa bonde lile mwaka 1912, karibu nusu karne kabla ya bwawa kujengwa, kwa hiyo wenyeji walikuwapo tayari. Iwapo wageni waliongezeka juu yao, sampuli za Kariba zitaonyesha damu mbili. Na kama wa India ndio walio mbali kuliko wote, hadi umbali wao ukaribie umri wa kuachana kwa India na Afrika, jenasi hii itakuwa kongwe kuliko mito yote ambamo inaishi sasa.

Kazi yenyewe haihitaji vyombo vya ajabu. Inahitaji chandarua chembamba, chupa za alkoholi, mashua usiku, na watu wa kuchota katika maji ya nchi nyingi kwa majira yanayofaa, wakiwachukua medusa na pia polipu kutoka kwenye mawe. Kigoma kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania. Nchi nne zinazozunguka ziwa, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zina wavuvi wanaojua ni miezi gani konyeza hutanda na ni miezi gani hawaonekani. Polipu ndio watakaokuwa shida, kwa sababu ni wadogo kuliko punje ya mchanga mkubwa na hawana minyiri ya kuwatambulisha, na atakayewatafuta itambidi ageuze mawe mengi.